Uso wa Kwenye Bango

Mume wangu ana huruma sana, ila huruma yake haitoki nje bila mpiga picha.

Makao yetu yanapokea watoto waliokimbia njaa na vipigo majumbani kwao. Mimi ndiye ninayewaogesha, ninayewapaka dawa, ninayeamka wakilia. Yeye ni mkurugenzi. Kazi yake ni kuvaa suti na kulengwalengwa na machozi mbele ya wafadhili, na hilo analiweza, sikatai.

Kimya, msichana mdogo, aliletwa na jirani yao, bega limeungua kwa pasi. Baba yake wa kambo ndiye aliyeishika hiyo pasi, kisa shati halikunyooka. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakufungua mdomo mpaka kidonda kilipokauka. Jirani alituomba jambo moja tu: yule mwanamume asijue mtoto yuko wapi.

Basi mume wangu akafanya nini? Akamweka kwenye bango. Uso mzima, mkubwa kuliko mlango, pale njia panda, na chini yake mshale wa kuelekeza watu kwetu. Nilipompigia kelele alinijibu kwamba mimi sijui mambo ya kuchangisha, uso ule unaongea wenyewe. Nikajiuliza nilimpendea nini.

Haya, uso ukaongea. Jumamosi moja tukiwa na wafadhili sebuleni, baba wa kambo akabisha hodi, kanyoa ndevu, kashika soda na mkate. Alikuwa mpole kama mtu anayejua anatazamwa. Alisema amekwisha kumsamehe mtoto. Yeye, amsamehe mtoto. Kisha akamshika mume wangu mkono.

"Nilimtafuta kila mahali, ndugu yangu. Bila nyinyi nisingempata."

Mume wangu, meno yote nje, akawageukia wafadhili na kuwaeleza kuwa hayo ndiyo matunda ya kuunganisha familia. Haya hana hata chembe. Mpiga picha akaanza kusogeza viti, na mimi nikatumwa nikamlete mtoto, avae lile gauni la njano la kwenye bango.

Nilimkuta chini ya kitanda, ameng'ang'ania mguu wa kitanda. Ile sauti ilikuwa imekwisha kumfikia. Nikafunga komeo, nikapiga simu polisi, dawati la watoto, na nikaongea kwa sauti ya kusikika hadi sebuleni. Dirishani nikamwona baba mwenye upendo akitoka getini mbiombio, soda kaiacha.

Nikajipenyeza chini ya kitanda, mtu mzima na unene wangu huu, nikamkumbatia na kumwambia kwamba ameondoka. Akashusha pumzi.

Ndipo mlango ukagongwa. Alikuwa mume wangu, ananong'ona ili wageni wasisikie. Aliomba tutoke mara moja tu, mtoto apigwe picha na wafadhili, maana wametoka mbali na si vizuri waondoke mikono mitupu.

Nikainuka nikampe mume wangu vidonge vyake. Kimya akanishika gauni.

"Mama," akasema, "na huyo usimfungulie."

Nikarudi kukaa naye sakafuni, nikamwacha agonge.