Kadi ya Mia na Sita

...na jua likitua nalo kwa Kiingereza ni set, neno la mdogo wake, saruji ikiganda set, meza ikiandaliwa set, huku yeye, dada mtu, na run yake, pua inayochuruzika, shati linalochuja rangi, mtu anayegombea uenyekiti, nao ni watu wazima wawili, dada na mdogo wake, ana kwa ana tangu Januari kwenye ofisi hii ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, wakishindana neno la nani lina maana nyingi, na leo wamebadilishana makasha wakaguane, kadi ya mia na tano sawa, ya mia na sita, set, kupanga siku, "Daktari ameshapanga kunipasua Jumanne ya tarehe kumi na nane"... mfano mzuri, mfupi, haujatungwa, maana mhariri mkuu hataki mifano ya kutunga, usikie kwa masikio yako, uandike kwa nani, wapi, lini, na chini, kwa mwandiko ule wa mdogo wake wa kuku kuparua: mama, jikoni, tarehe tatu.

Mama yupi, wana mama mmoja, na leo ni Jumatatu ya tarehe kumi na saba, ni kesho, na wiki mbili huyu mdogo wake anakunywa naye chai, anamtania, hamwambii, kumpasua wapi, tumbo, kifua... "Dada, umekwama?" bila kuinua macho, "Sijakwama," na mjinga huyu siri ameitunza mdomoni, kalamu ikamshinda, mfano mzuri haumpiti, hata yeye angeuandika, Mungu amsamehe, angeuandika... geuza, mia na saba, set tena, kukazania jambo, "Usimwambie dada yako, ameikazania kazi yake, hata kwenye msiba wa baba alikuja na makaratasi," mama, jikoni, tarehe tatu.

Anataka kukasirika, anakosa wa kumkasirikia, maana alikuja nayo kweli, kadi arobaini kwenye mkoba, alijitenga chumbani akakagua chache tu, tisa, kumi, watu wakiwa uani, alidhani hakuna aliyemwona, kumbe mama alipoingia kuchukua mkeka aliziona, akatoka, hakusema kitu miaka minne...

"Zangu zimefika ngapi?" mdogo wake anauliza, kalamu inaendelea kukwaruza.

"Mia na saba," anasema. "Zote ni sahihi."