Robo ya Mkate wa Kumimina

Mwalimu Kazija aliingia darasani amebeba mahotipoti, ana furaha na woga kwa pamoja. Wanafunzi wake wa darasa la tano walikuwa wameshindwa mtihani wa hesabu za sehemu, zile za nusu na robo, mara mbili. Bi Shahida, mwalimu mkuu wa skuli yao karibu na Mlandege, alishamwambia wazi: atakuja kusikiliza, na wakishindwa tena, Hesabu itahamia kwa Mwalimu Muhiddin. Na kweli, leo alikuwa amekaa kule nyuma, miwani puani, hacheki.

Bahati yake ni zile kompyuta. Tangu kila darasa lipate laptopu yake, walimu wa skuli mbalimbali za Unguja walikuwa wakiwekeana maandalio ya masomo kwenye folda moja ya mtandaoni, kila mtu akichukua analolitaka. Humo ndimo Kazija alimolikuta andalio la Mwalimu Amne wa Bububu: kufundisha sehemu kwa mkate wa kumimina, ule wa mchele na nazi! Aliruka kwa furaha. Hakungoja hata kulisoma mpaka mwisho. Alikimbilia jikoni akamimina mikate midogo mpaka gesi ikamwishia.

Sasa kila kundi la watoto wanne lilikuwa na mkate wake mezani. Makundi mengine yalikata vipande vinne sawasawa, mengine vinane vya thumni. Darasa zima lilinukia hiliki, na hata wale wasinziaji wa kila siku walikuwa wima. Kazija akatazama laptopu asome hatua ya mwisho. Iliandikwa: "Kila mwanafunzi ale fungu lake."

Ale! Ramadhani hii! Amne alifundisha somo hilo miezi ya kula mchana, na Kazija, aliyezoea kupika huku amefunga, halikumpitia akilini kabisa.

"Mwalimu, sisi tumefunga," alisema Rasha wa dawati la mbele, macho kwenye mkate.

Bi Shahida akasogeza miwani. Kazija alihisi Hesabu inamtoka mikononi. Akaifunga laptopu.

"Hapana anayekula," alisema. "Kila mtu atafuturia fungu lake nyumbani. Lakini halitoki humu mpaka mwenyewe aniambie ni sehemu gani ya mkate."

Loo! Mtoto aliyefunga hana mchezo na futari yake. Majid, ambaye tangu muhula uanze hajanyoosha kidole, alisimama juu ya kiti.

"Mwalimu! Akina Rasha wamepata viwili viwili, sisi kimoja kimoja! Ndiyo haki hiyo?"

"Vyetu vyembamba!" Rasha akamjibu. "Sie tumekata vinane!"

Majid hakuamini. Alivichukua vipande viwili vya Rasha, akavilaza juu ya chake. Vikaenea, havikuzidi wala kupungua. Akakodoa macho.

"Thumni mbili," alisema polepole, kisha akapiga ukelele, "thumni mbili ndiyo robo!"

Makundi yote yakaanza kupimiana, kila mtu anapaza sauti ya robo na thumni. Kidogo Kazija apige kigelegele.

Bi Shahida akainuka.

"Andalio hili lako?"

"La Mwalimu Amne wa Bububu, Bi Shahida. Nimelichukua kwenye folda."

"Na hayo ya futari?"

"Hayo nimeyatia mimi, sasa hivi."

"Basi kaa uyaandike, umrejeshee mwenzio. Na Muhiddin mwambie alisome. Kesho naye anafundisha sehemu, na darasa lake halijui kitu."

Ilimchukua Kazija muda kuelewa kwamba Hesabu imebaki kwake. Alipoelewa, alifungua laptopu na kuandika: "Hatua ya mwisho: wasile. Wangoje futari." Machozi yalimlenga, akayaacha.

Mkate mmoja ulikuwa umesalia kwenye hotipoti. Bi Shahida aliutupia jicho.

"Na mimi fungu langu liko wapi?"

Majid akaukinga mkate kwa mikono miwili. "Mwalimu Mkuu, kwanza useme ni sehemu gani."

Bi Shahida akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Thumni mbili," alisema, akatandaza kitambaa chake.