Mapigo Manane ya Kimya

Siku Radi alipouawa, mdogo wake wa kike alikuwa amejikunja ndani ya buti la gari, hatua mbili kutoka pale alipoangukia, na hakujua.

Kazi yao ilikuwa kunyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Radi alisimama nje na nyundo. Mdogo wake, ambaye gereji nzima ilimwita Kitasa kwa kuwa mdomo wake haukufunguka ovyo, aliingia ndani na kukandamiza kipande cha chuma, kikubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, nyuma ya bati palepale nyundo itakapotua. Nyundo ikitua na chuma hakipo, bati linavimba au linatoboka. Hawakuonana wakifanya kazi. Walichokuwa nacho ni muziki.

Ulikuwa muziki wa Kifaransa, magitaa yanayokwaruza na ngoma zinazokimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Radi aliukuta kwenye flashi iliyosahauliwa na mteja, akaomba aachiwe, akaachiwa, akaichomeka kwenye spika ya gereji. Wote wawili hawakujua Kifaransa hata cha kuombea maji. Waliziimba nyimbo hizo hivyo hivyo, wakitafuna maneno kama muwa, huku viuno na nyundo vikienda pamoja.

"Hapo anasemaje?" Kitasa aliuliza kutoka ndani ya buti.

"Mama mkwe kaja bila taarifa."

"Na hapo?"

"Kaja na mabegi."

Mteja mmoja aliyejua lugha hiyo alijitolea kuwafasiria. Radi akamkatalia. "Bosi, usituharibie starehe. Ukiniambia huyu analilia nini, nitabaki na kilio chake. Mimi nataka miguu yake tu."

Wimbo wa tatu ndio walioupenda kuliko zote. Katikati yake ngoma zilinyamaza kwa mapigo manane, akabaki mwimbaji peke yake akihema, halafu kila kitu kikarudi kwa kishindo. Katika yale mapigo manane Radi alibadilisha mkono, Kitasa akasogeza chuma hadi kwenye bonde la bati lililofuata. Ngoma zikirudi, nyundo ilitua juu ya chuma bila mtu kusema neno.

Upande wa pili wa ukuta wa mabati alikuwepo Fundi Injini, mzee mwenye mvi, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza. Aliegemeza bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Muziki wa Radi ulimtia uziwi.

"Punguza hilo dude, nasikiliza injini."

"Iache injini isikilize nayo, mzee. Labda itapona."

"Unaimba usichokijua kama kasuku."

"Kasuku analishwa. Mimi najitafutia."

Walirushiana hivyo kwa miezi, na kila siku mzee alicheka kidogo kuliko jana, mpaka akaacha kucheka.

Asubuhi ile, gari ambalo Fundi Injini alilikabidhi jana yake lilirudi likivutwa kwa kamba. Injini ilikuwa imegonga njia nzima hadi ikajipasua, na yeye hakuusikia mlio huo wa kugonga alipolipima. Mwenye gari alimtukana mbele ya watu, kisha akamzaba kofi. Fundi Injini aliinama, akaokota spana ya magurudumu, akauzunguka ukuta.

Hayo Kitasa aliyajua baadaye. Ndani ya buti alijua tu kwamba ngoma zimenyamaza na nyundo imenyamaza, kama kawaida. Akahesabu manane. Ngoma zikarudi, nyundo haikurudi. Alisikia mapigo, lakini hayakuwa ya bati. Yalikuwa mazito, yenye majimaji, nje ya mdundo. Akadhani kaka yake anafanya mbwembwe zake kwenye tairi. Alikandamiza chuma, akasubiri, akatabasamu gizani. Alisubiri hadi wimbo ukaisha. Lilikuwa kosa ambalo mtu mwingine yeyote duniani asingelifanya.

Alipochungulia, Radi alikuwa kifudifudi, kisogo kimebonyea, na Fundi Injini bado anampiga mabegani.

Wimbo wa nne ukaanza, ule wa mbio. Kitasa alitoka na chuma mkononi. Pigo la kwanza lilivunja taya, jino likaruka likagonga boneti. La pili lilivunja kifundo cha mkono, spana ikaanguka. Mzee akapiga magoti. Kitasa hakupiga ovyo. Kila pigo lilitua juu ya ngoma, na mwili wake ulifurahi kama ulivyofurahi kila asubuhi. La mwisho lilitua kwenye sikio la kulia, lile la bisibisi.

Mjomba wao, mwenye gereji, alimkumbatia kwa nyuma. Kitasa akamng'ata mkono hadi mfupa.

"Yatosha, mwanangu."

"Hayajatosha."

"Yatosha. Mtazame kaka yako."

Radi alikata roho kabla ya kufika hospitali. Fundi Injini alipona, akaenda jela na sikio moja. Kitasa alishikiliwa na polisi siku tisa, wakamwachia.

Aliporudi gerejini hakutaka kuiona spika. Maiti ya kaka yake aliweza kuikumbuka. Kilichomtisha ni kwamba mkono wake, siku ile, ulikuwa umecheza muziki.

Mjomba alichukua nyundo, wakafanya kazi kwa kuhesabu kwa mdomo. Chuma kilichelewa, nyundo ikawahi. Waliharibu mlango mmoja, kisha wa pili. Siku ya tatu nyundo ilitoboa bati, ikampasua Kitasa kidole hadi kucha ikaning'inia. Mjomba akaiweka nyundo chini.

"Mwanangu, hivi tutauana. Ama uwashe ule muziki, ama tufunge gereji."

"Wewe huupendi."

"Sijui hata unasema nini."

"Hakuna aliyejua, mjomba."

Alifunga kidole kwa kitambaa, akachomeka waya wa spika mwenyewe, akarudi ndani ya buti. Nyimbo mbili zilikwenda. Wa tatu ukafika katikati, ngoma zikanyamaza.

"Mjomba!"

"Nini tena?"

"Upo?"

"Nitakwenda wapi na nyundo ya watu?"

Ngoma zikarudi. Nyundo ikatua, chuma kipo. Furaha ileile ya zamani ilimpanda kutoka miguuni, na ndani yake alisikia taya likivunjika. Vilikuja pamoja. Alilia, akauma midomo hadi ikatoka damu, na hakukiondoa chuma. Waliunyoosha ubavu wote wa gari kabla ya saa sita.

Siku hizi wanafanya kazi buti likiwa wazi kabisa, na ngoma zikinyamaza mjomba hupiga mluzi ili asikike alipo. Upande wa pili wa mabati amehamia mshona viti vya magari. Spika huwashwa saa mbili asubuhi.