Mwanasesere wa Nasimiyu

Karani wa wakili hakuwa mtu mbaya. Alimpa Rispah kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, jinsi alivyotaka kumdai mwanawe mahakamani, bila kumkatiza, ndipo akamwuliza swali moja lililomkata maini.

"Sasa mama, huyo mtoto anakujua?"

Rispah akahesabu miaka kichwani.

Nasimiyu alikuwa na miaka minne na miezi miwili. Siku alipochukuliwa hakuwa ametimiza miwili. Rispah alikuwa amelazwa kwa homa ya matumbo, wiki tatu hajitambui, na aliporuhusiwa kurudi nyumbani Matisi, pembeni mwa mji wa Kitale, alikuta chumba kimebaki kitanda na ndoo. Mumewe, Mukhisa, alikuwa amepata uhamisho kwenda Bungoma, akaenda na mtoto. Wazee walipokaa waliuliza tu kama ng'ombe wa mahari walitolewa wote. Walikuwa wametolewa, kwa hiyo mtoto ni wa baba yake. Basi, wakanywa chai, wakaondoka. Mwaka haujaisha Mukhisa akaoa mke mwingine, Nakhungu, na Rispah akaachiwa ruhusa ya kumwona mwanawe mara moja kila shule zinapofungwa. Agosti iliyopita alikwenda na mkate na ndizi. Nasimiyu alijificha nyuma ya sketi ya Nakhungu, akauliza, "Huyu mgeni analala kwetu?"

"Nauliza kwa maana hakimu naye atauliza," karani akasema, akiyakwepa macho yake. "Mtoto akiletwa pale mbele, halafu akukimbie aende kwa yule mama mwingine, hiyo kesi imekufa. Ukileta zile mia tano tutafungua faili. Lakini kwanza ufikirie hilo."

Mia tano alikuwa nazo kifuani. Mwaka mzima na nusu wa kuchambua mahindi ya mbegu ghalani, tangu asubuhi mpaka vidole vife ganzi, ndio uliozizaa. Alikuwa amekuja nazo azitoe siku hiyo hiyo. Akatoka nazo.

Ilikuwa Desemba ya 1988, na maduka ya Kitale yalikuwa yamepambwa kwa karatasi za rangi. Mbele ya duka la Waithaka Rispah alisimama, si kwa kuwa alitaka kununua kitu, bali miguu ilikataa kwenda. Nyuma ya kioo kulikuwa na boksi, na ndani ya boksi mwanasesere mkubwa kama mtoto wa mwezi mmoja, nywele za manjano, gauni la waridi, soksi nyeupe. Msichana mdogo alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo. Mama yake alipomvuta mkono waende, alilia kama anayetenganishwa na ndugu yake.

Rispah aliwatazama mpaka wakapinda kona. Mtoto akililia kitu namna hii, kisha mtu akampa, atamsahauje mtu huyo?

Aliingia. Waithaka akamtoa mwanasesere, akamlaza juu ya kaunta: macho yakafumba. Akamwinua: yakafumbuka.

"Pesa ngapi?"

"Mia nne na hamsini. Ni ya ng'ambo." Waithaka alikitazama kitambaa cha Rispah cha kichwani, akazitazama kandambili zake. "Mtoto ako na miaka ngapi?"

"Minne."

"Mama, mimi kazi yangu ni kuuza. Lakini wa miaka minne atang'oa hii kichwa kabla sikukuu iishe. Chukua ile ya mpira pale juu, ni thelathini tu. Mtoto hawezi jua tofauti."

"Ya mpira iko hata Bungoma," Rispah akasema, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani aliwakuta wanawake bombani. Jirani yake Jepkosgei, mama wa watoto watano aliyetoka Kapsokwony, alikuwa akifua. Rispah akamweleza yote kwa mpigo mmoja. Jepkosgei akaiachia nguo majini.

"Mama Nasimiyu, umerogwa? Pesa ya wakili ununue doli?"

"Wakili atafanya nini na mtoto asiyenijua?"

"Na doli itafanya nini? Sikiza. Chelangat wangu alibeba gunzi ya mahindi mgongoni karibu mwaka mzima. Alikuwa anaiogesha, anaiimbia. Mtoto hajui bei, bana. Umpe ya elfu moja, akiona kuku anapita ataitupa kwa matope."

"Wako alicheza na gunzi kwa sababu wewe ulikuwa pale unamwangalia," Rispah akasema.

Jepkosgei akaitoa ile nguo majini. Akakamua shati, akalikung'uta. "Basi nunua viatu. Nunua sweta. Kitu ya maana."

"Viatu Nakhungu atanunua. Sweta atanunua. Vya maana vyote ameshanunua. Mimi nimebakiwa na kisicho na maana."

Siku tatu zilizofuata Rispah hakuweza kutofautisha mahindi mazuri na mabovu. Msimamizi wa ghala alimrudishia gunia zima alichambue upya. Kila alipoamua kwenda kwa wakili alimwona Nasimiyu akikimbia mbele ya hakimu, mgongo wake mdogo ukienda mbali. Kila alipoamua kumnunua mwanasesere alijiona mpumbavu, mwanamke mzima anayetaka kununua pendo la mwanawe kwa plastiki. Siku ya nne aliomba ruhusa, akapanda ngazi za ofisi ya wakili mpaka mlangoni. Alisikia karani akicheka na mtu ndani. Akashuka, akaenda kwa Waithaka moja kwa moja, akalipa kabla ya kuulizwa.

Bungoma alifika Jumamosi, jua likianza kukaza. Kwenye uzio wa nyumba ya Mukhisa mwanamke jirani alimwona na boksi lake, akapaza sauti, "Mama Nasimiyu!"

"Naam," Rispah akaitika, akageuka.

Lakini jirani hakuwa akimtazama yeye. "Mama Nasimiyu, uko na mgeni!" Na Nakhungu akatoka jikoni akijifuta mikono.

Walimkaribisha sebuleni. Mukhisa alikuwa nyuma ya gazeti. Alisalimia bila kulishusha. Nasimiyu akaletwa. Alikuwa amerefuka. Rispah alifungua boksi, akamlaza mwanasesere, akamwinua, na macho ya bluu yakafumbuka mbele ya mtoto.

Nasimiyu hakupumua. Kisha uso wote ukawaka kama taa. Akamkumbatia mwanasesere, akapiga kelele, "Mama! Mama!"

Rispah akaifungua mikono yake miwili.

Mtoto akampita. Akaenda mbio mpaka kwa Nakhungu aliyesimama mlangoni, akamvuta leso aliyojifunga kiunoni. "Mama, ona! Anaangalia! Nibebeshe, nibebeshe!"

Nakhungu hakujua aweke wapi macho yake. Alimfunga mwanasesere mgongoni mwa mtoto kwa leso hiyo, polepole, kama anayetaka kazi hiyo isiishe. "Sema asante," akanong'ona. "Asante kwa... sema asante."

"Asante, mgeni."

Mukhisa akalishusha gazeti. "Hiyo ni pesa ngapi?" Hakusubiri jibu. "Mtu wa kuchambua mahindi anunue kitu kama hiyo. Halafu ati anataka kulea mtoto."

Rispah alikuwa amejiapiza njia nzima kwamba hatagombana. Akachuchumaa, akalazimisha tabasamu. "Mtoto wako anaitwa nani, Nasimiyu?"

Mtoto akafikiri, akimtingisha mwanasesere mgongoni. "Nakhungu. Kama mama."

Kilichotokea baadaye Rispah hakukiamua. Aliona tu mkono wake umeshika mkono wa mwanasesere, akavuta. Leso ikafunguka, mtoto akayumba, akaushika mwili wa mwanasesere kwa nguvu zake zote. "Ni yangu!" Rispah akasema, na sauti haikuwa yake. "Nimeinunua mimi! Mimi!" Kukawa na mlio mdogo, kama kifungo kinachokatika, na mkono ukambakia Rispah kiganjani.

Nasimiyu alitazama shimo lililokuwa begani mwa mwanasesere. Kisha akalia, kilio cha hofu, akirudi nyuma kinyumenyume mpaka akagonga ukuta.

"Toka," Mukhisa akasema.

Alitoka. Alitembea barabara ya murram, isiyo na lami, bila kujua anaelekea wapi, watu wakimpisha. Mbele kidogo alikaa ukingoni mwa mtaro, na hapo ndipo alipogundua kwamba bado ameushika mkono ule, vidole vitano vidogo vilivyokunjwa. Hakulia. Alijiwazia tu, kwa utulivu uliomtisha mwenyewe, kwamba pesa ya wakili imekwisha, na mtoto sasa atamkumbuka, lakini atamkumbuka kwa hili. Lori lilikuwa likija kutoka upande wa Kanduyi. Akaliangalia linavyokuja, akaliangalia mpaka likapita, vumbi likamfunika, na akashangaa kuona amejishika kwa nguvu kwenye majani ya mtaro.

Vumbi lilipotulia aliwaona. Nakhungu alikuwa akija mguu mosi mguu pili, na mbele yake Nasimiyu, mwanasesere kifuani.

"Amekataa kunyamaza," Nakhungu akasema. "Anataka mkono." Kisha akasogea kando hatua kadhaa, akageuka akatazama shamba la watu, kama amepata jambo la kuangalia huko.

Nasimiyu alisimama mbali kidogo. Kope zake zilikuwa bado zimelowa. "Nipe mkono wake. Anaumwa."

"Lete nimshone," Rispah akasema. "Njoo uone. Sitamchukua. Haki ya Mungu, sitamchukua."

Mtoto alisita, akasogea, akasita tena. Kisha akaja. Rispah alimlaza mwanasesere pajani. Ndani ya bega kulikuwa na mpira mwembamba wenye ndoano, umerukia ndani. Alichomoa pini kwenye nywele zake, akautafuta. Nasimiyu, ili aone vizuri, akaegemea. Akaweka mkono wake juu ya goti la Rispah, akauacha hapo.

Pini ikaunasa mpira. Ndoano ikatokea. Kilichobaki kilikuwa kuitia tu kwenye tundu la mkono, kazi ya kufumba na kufumbua. Rispah akaiachia ndoano irudi ndani.

"Imekataa," akasema.

"Jaribu tena," mtoto akasema.

Akajaribu tena, polepole. Alisikia pumzi ya Nasimiyu shavuni, yenye harufu ya maziwa. Juu ya nyusi ya kushoto kulikuwa na kovu dogo asilolijua. "Uliumia wapi hapa?"

"Nilianguka kwa ngazi. Mama akanifunga kitambaa." Mtoto akainua uso. "Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Ni nani?"

Rispah aliutazama mgongo wa Nakhungu. Mgongo haukugeuka. "Mimi ndiye niliyekuzaa."

Nasimiyu akalichukua neno hilo kama alivyochukua mengine yote, akalipima kidogo. "Nilikuwa mdogo kama huyu?"

"Mdogo kuliko huyu. Na nywele zako zilikuwa nyeusi tii."

Mara ya tatu akaiachia ndoano. Mara ya nne, kutoka nyumbani, sauti ya Mukhisa ikaita, mara moja, kwa ukali. Nakhungu akageuka. Rispah akaivuta ndoano, akaitia, mkono ukakaa mahali pake. Nasimiyu akaujaribu juu na chini, akaridhika, akamchukua mtoto wake, akaondoka mbio bila kuangalia nyuma.

Nakhungu alichelewa kidogo. "Jumapili mimi na yeye tunaenda kanisa la Friends pale mjini," akasema haraka. "Mukhisa haendangi. Sijakwambia kitu." Alipiga hatua mbili, akasimama. "Na usilete kitu, dada. Kuja tu."

Kesi haikufunguliwa mwaka ule wala uliofuata. Januari Mukhisa aliandika barua kwamba Rispah asikanyage tena kwake, kwa kuwa alimtisha mtoto. Rispah alirudi ghalani. Jumapili moja kila mwezi, na mbili kila alipopata nauli, alikwenda Bungoma, akakaa kwenye benchi la wanawake. Mwanzoni Nasimiyu alikaa upande wa pili wa Nakhungu, akachungulia. Rispah hakumwona tena mwanasesere. Nakhungu alimwambia kwa aibu kwamba nywele zilikatwa kwa makasi na jicho moja halifumbi tena, na kwamba siku hizi analala nje kwenye mvua. Rispah alipomhadithia Jepkosgei, Jepkosgei hakusema "nilikwambia." Aliuliza tu kama pesa ile ilipotea bure. Rispah akasema hajui.

Mwezi wa tano, mvua ikiwa imewanyeshea njiani, Nasimiyu alikuja akapenya katikati yao kutafuta joto. Mahubiri yalikuwa marefu. Usingizi ulimshika, akaegemea, na kichwa kikaenda kwa Nakhungu. Lakini benchi lilikuwa fupi. Miguu, ikiwa na matope mpaka kwenye vifundo, ikakosa pa kwenda ikaangukia mapajani mwa Rispah, juu ya gauni lake la pekee la Jumapili. Akaishika kwa mikono miwili. Watu wakasimama kuimba, wakakaa, wakasimama tena kuomba. Yeye hakusimama.