Jogoo wa Kufungulia Boma

Jogoo alipojaribu kuwika, Emmaculate alimfunika kwa karai. Alikuwa amelala sakafuni, kichwa kikielekea mlango wa stoo, ili mkono wake umfikie ndege yule upesi. Pampu ya maji ilinguruma karibu na miguu yake. Upande wa pili wa ukuta, katika chumba chenye dirisha linalotazama ziwa, alilala Daktari Astrid, na amri ya Cephas ilikuwa moja: mpangaji asiamshwe.

Jogoo alijipigapiga. Karai lilipiga kelele kuliko yeye mwenyewe.

Chumba kile chenye dirisha alikichora Emmaculate, kwa kijiti, mchangani. Alikuwa akiuza njugu Oyugis aliposikia kwamba wageni wanaopelekwa kazini Homa Bay hulala hotelini miezi mizima kwa kukosa nyumba ya kupanga. Akawauliza madereva wao wanataka nini. Maji yasiyokatika, walimwambia. Wavu wa mbu madirishani. Jenereta. Choo cha kukalia. Alijenga hayo yote polepole, kwenye kiwanja alichonunua pamoja na mumewe, Odhiambo, ambacho kilibaki kwa jina la marehemu.

Kuta zilipofika usawa wa paa, mafundi waliweka miiko chini. Walimweleza kwa heshima, kofia mikononi, kwamba hakuna anayeezeka nyumba ya mjane kabla mwanamume wa ukoo hajaifungua. Chira haichagui, walisema. Laana hiyo humla mwenye nyumba na fundi wake. Emmaculate alikuwa Msabato na hakuyaamini hayo. Lakini mvua ilikuwa karibu na saruji ilikuwa ikigandia mifukoni. Akamwita Cephas, mdogo wa mumewe, aje afanye ya mila, ale, aende zake.

Cephas alikuja na jogoo kwapani. Alitangulia kuingia, Emmaculate akamfuata na moto kwenye kigae, kama mume na mke wanaofungua boma. Majirani walitazama. Mafundi walipanda juu, nyumba ikaezekwa. Jogoo akabaki, maana jogoo wa kufungulia boma haondolewi. Cephas naye akabaki.

Shirika lililomleta daktari lilitaka mwenye nyumba anayetambulika kisheria. Emmaculate akaenda kwa Chifu Levi kuomba barua ya urithi. Chifu alimkaribisha chai.

"Mama Lynnet, ni nani alifungua lile boma?"

"Lile si boma, chifu. Ni nyumba ya kupangisha."

"Nani aliingia na jogoo?"

"Cephas. Lakini nyumba nimejenga mimi."

"Hakuna aliyekataa kwamba umejenga," chifu alisema kwa upole. "Akina mama wetu wanajituma sana."

Barua ikaandikwa kwa jina la Cephas. Haukupita muda, friji ambayo Emmaculate alikuwa amewanunulia wapangaji ikaonekana sebuleni kwa chifu. Alisafiri hadi Migori, kwenye ofisi moja ya msaada wa kisheria. Msichana mwenye miwani alimhakikishia kwamba sheria ya nchi inamlinda mjane. Kisha akamwomba alete barua ya chifu.

Cephas alimwachia stoo. Alisema hawezi kumfukuza mke wa kaka yake. Afue, apike, na kodi ya nyumba itamsomesha Lynnet. Lakini Lynnet, binti wa Emmaculate, alikuwa ameshaacha chuo na kwenda kwa shangazi yake, kisiwani Takawiri, kuanika omena, dagaa wa ziwani. Mama yake hakuondoka. Anayeondoka huhesabiwa amekubali.

Asubuhi hiyo karai halikufaa kitu. Daktari alitoka barazani macho yakiwa mekundu, simu sikioni. Kabla ya chakula cha mchana Cephas alifika, chifu akiwa nyuma yake.

"Nyar Kasipul," Cephas alisema, akimwita binti wa kwao Kasipul, "chinja huyo jogoo."

"Shemeji, si wewe ulisema haondolewi? Ulisema itakuwa chira."

"Mila imeshamaliza kazi yake hapa."

Chifu alicheka mpaka akashika mlango. Cephas alikuwa ameshageuka kwenda barazani alipoongeza, bila kutazama nyuma, kwamba firigisi isipotee.

Firigisi huliwa na mwenye boma. Hata mtoto wa chekechea anajua. Emmaculate alichinja nyuma ya tangi la maji, akanyonyoa ndani ya karai lile lile. Aliipasua firigisi, akaosha mchanga na punje za mahindi alizomlisha jogoo jioni iliyotangulia. Alishika kisu muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akaitia chumvi.

Cephas na chifu waliketi kula kwenye meza ya jikoni. Daktari Astrid aliingia, akaona manyoya, akaona haya. Alisema kwa Kiswahili chake cha kujifunza kwamba hakutaka jogoo afe. Alitaka tu kulala.

"Pole, mama. Umefanya kazi hapa muda mrefu?"

Emmaculate alifungua mdomo.

"Tangu siku ya kwanza," Cephas alijibu, firigisi ikiwa shavuni. "Huyu ndiye aliyeleta moto."

Daktari alitabasamu. Aliuliza kama angeweza kupata maji ya moto ya kuoga, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na jenereta haikuwa na mafuta.

Makaa yalikuwa yakizimika. Emmaculate alipiga magoti mbele ya jiko, akaanza kupuliza.