Skrubu ya Mpini

Fundi wa silaha alikuwa akifuta mafuta kwenye skrubu ya mpini wa bastola kwa kitambaa chenye spiriti. Mara ya kwanza aliiruka kazi hiyo kwa haraka zake. Gundi ya kuzuia skrubu isilegee haikushika, skrubu ikalegea, na lawama zikamwangukia shemeji yake, mlinzi, kwamba huichezea bastola lindoni.

"Bosi kaninyang'anya silaha, kanipa filimbi," mlinzi alicheka mlangoni. "Refa mzima mimi! Ila wewe shemeji, hata siku moja hukunisema."

Fundi alishindwa kumtazama. Alitia tone la gundi, akakaza, akaiacha ikauke hadi kesho. Skrubu ya pili ya mpini huo aliiacha mezani, kazi ikiwa nusu.

"Twende kwa bosi," alisema. "Kosa ni langu."