Kisanduku cha Mzee Stambuli

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yatamkwayo na yafichwayo vifuani.

Watu wa kisa hiki ni watatu. Mkubwa wao ni Mzee Stambuli, mkuu wa ofisi ndogo ya programu za kompyuta mjini Morogoro. Anafuata Wilfred, mtafiti. Wa mwisho ni Chausiku, binti wa kutoka Mgeta milimani, aziandikaye programu zenyewe.

Wilfred alikuja kuchora mwenendo wa kazi yao: kila hatua kisanduku, na baina ya visanduku mshale. Alipouliza nani hukagua kazi ya Chausiku, Mzee alikuwa ameketi papo hapo. Chausiku akajibu kama alivyolelewa: “Mzee husoma kila mstari.”

Mzee alikuwa mhasibu aliyepanda cheo. Hakujua mstari hata mmoja wa programu. Lakini kisanduku kilichorwa, na mchoro ukatiwa katika mtambo unaosimamia kazi. Tangu hapo hapakutoka marekebisho asiyoyapitisha Mzee.

Ndipo programu ya zamu za maji ilipokosea. Iliwatumia wakulima wawili wa Mgeta ujumbe, kila mmoja kwamba mfereji ni wake Ijumaa ile ile, na mmoja wao alikuwa Abasi, mjomba wake Chausiku, mwepesi wa kuinua jembe akikasirika. Chausiku alirekebisha upesi. Kisanduku cha Mzee kikabaki chekundu, ishara kwamba hajapitisha.

“Shikamoo, Mzee. Yale marekebisho ya maji.”

“Marahaba. Yaache kwanza, binti yangu.”

Kesho yake, jibu lile lile. Hakuwa mkaidi, aliogopa kutia jina lake penye jambo asilolielewa, kwani jina ni amana. Naye Chausiku aliona jinsi mdomo ulivyoponza kichwa: kila njia aliyoijaribu ilimrudisha kwenye kisanduku kilichochorwa kwa maneno yake mwenyewe.

Alhamisi akaja Wilfred, akaketi kati yao.

“Dada, mchoro unafuata maneno yako. Kama Mzee hasomi, sema tu, nakifuta sasa hivi.”

Mzee alivua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

“Anasoma,” alisema Chausiku. “Ila herufi ni ndogo, macho yanamsumbua.”

“Basi msomee,” Wilfred akacheka. “Hata bibi yangu husomewa gazeti.”

Alipoondoka, Chausiku alisogeza kiti, akasoma kwa sauti kama mtoto wa madrasa mbele ya mwalimu wake, kila mstari na maana yake.

“Hapa inauliza: siku hii imeshapewa mtu? Awali haikuuliza.”

“Rudia.”

Akarudia.

“Na ikiwa imeshapewa?”

“Inatafuta inayofuata.”

Mzee akabonyeza kitufe cha kupitisha. Kisanduku kikawa kijani, na ujumbe mpya ukapanda milimani. Ijumaa Abasi alimwagilia karoti zake bila kugombana na mtu.

Chausiku akashusha pumzi, akafungua kazi iliyofuata. Chekundu. Na nyuma yake nyingine, na nyingine. Mzee alikuwa ameshavuta kiti.

“Soma, mwanangu. Polepole.”

Mlango wa kutokea ulikuwa neno moja, “Hasomi”, nalo hakuweza kulitamka mbele yake. Akasoma.

Ee Mola, wajaalie subira waliobaki chumbani humo, asomaye na asikilizaye, na walioko milimani wapate maji kwa zamu zao. Amin.